UZI: Yerusalemu iliponea chupuchupu mwaka 701 KK, na kuponea huko ndiko kulikokuja kuiponza

Mchimba Gombo (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Nyuzi nyingi za humu kuhusu Israeli ya kale zinaanzia kwa Farao na kuishia kwa Warumi, kila dola inapewa mistari miwili, basi, watu wanaanza kugombana. Leo nataka tukae na mwaka mmoja tu, 701 KK. Ukiuelewa mwaka huo utamwelewa Isaya, utamwelewa Mika, na utaelewa kwa nini Yeremia alitupwa shimoni.

Ramani kwanza. Israeli (kaskazini) na Yuda (kusini) vilikuwa vinchi vidogo vilivyokaa njiani. Misri upande huu, Ashuru na baadaye Babeli upande ule, na barabara ya majeshi na misafara inapita hapo katikati. Hata mara ya kwanza jina Israeli linapoonekana nje ya Biblia, linaonekana kwenye jiwe la Farao Merneptah, yapata 1208 KK, akijisifu kwamba Israeli imeangamizwa na mbegu yake haipo tena. Yaani cheti chao cha kuzaliwa kimeandikwa kama tangazo la msiba.

Waashuri walianza kubisha hodi karne ya 9. Mwaka 853 KK Shalmanesa wa Tatu anawataja wafalme waliomkabili Karkari, na mmojawapo ni Ahabu wa Israeli mwenye magari ya vita 2,000. Miaka kumi na miwili baadaye Yehu anachorwa kwenye nguzo nyeusi ya mfalme yuleyule, paji la uso ardhini, nyuma yake watu wamebeba kodi.

Sasa tuingie Yuda. Yapata 734 KK mfalme Ahazi anabanwa na jirani zake wawili, Shamu na Israeli. Isaya anamfuata mahali panapotajwa kwa anwani kamili: penye mfereji wa birika la juu, njia kuu ya Uwanja wa Dobi. Anamwambia tulia, usiogope. Ahazi hakutulia. Alichota fedha na dhahabu hekaluni akampelekea Tiglath-Pileseri mfalme wa Ashuru na ujumbe: mimi ni mtumwa wako na mwana wako, njoo uniokoe. Ashuru ilikuja. Damasko ikaanguka, na mwaka 722 Samaria nayo ikaanguka. Sargoni wa Pili anadai alihamisha watu 27,290 kutoka Samaria. Yuda ikabaki, lakini imekwisha kutia dole gumba.

Shikeni hiyo anwani ya Uwanja wa Dobi. Tutarudi hapo.

705 KK Sargoni anafia vitani na maiti yake haikupatikana. Kwa Waashuri huo ulikuwa mkosi mzito, na kwa waliotawaliwa ikawa fursa. Babeli ikaasi, miji ya Wafilisti ikaasi, na Hezekia mwana wa Ahazi akaacha kulipa. Watu wa Ekroni, mmojawapo wa miji hiyo ya Wafilisti, walimkamata mfalme wao Padi, aliyekuwa mtu wa Ashuru, wakamkabidhi Hezekia amfunge. Hezekia akachimba handaki la maji la mita 533 chini ya mji ili wakizingirwa wasife kiu. Handaki lipo mpaka leo. Maandishi ya ukutani yaliyoonekana mwaka 1880 yanasimulia jinsi vikosi viwili vilivyochimba toka pande mbili vikasikiana sauti kwenye mwamba, kisha sururu ikakutana na sururu. Maandishi hayo sasa yako Istanbul.

701 Senakeribu, mfalme wa Ashuru, akaja. Narudi jioni, simu inazima.

Shemeji wa Kijiji

Naweka kambi hapa. Mkuu ukichelewa kurudi tunakuripoti 😂

Kidume cha Ukerewe

Nondo. Ila usisahau swali la wote: wale askari 185,000 wa Ashuru waliouawa na malaika usiku mmoja, ni kweli au ni hadithi?

Mama Neema

Hii habari ya Rabshake kanisani kwetu inahubiriwa kila mkesha. Rabshake ni shetani anayetutisha, tumjibu kwa maombi. Ila mahubiri yote niliyosikia hayajawahi kugusa Hezekia kukamata mtu wa Ekroni. Kumbe naye alikuwa mwanasiasa.

Mchimba Gombo

Nimerudi. Mama Neema, tuanze na huyo Rabshake, maana ndiye kitovu cha uzi.

Rabshake ni cheo, siyo jina. Kiswahili cha Biblia kinamwita amiri. Senakeribu yuko Lakishi, mji wa pili kwa ukubwa Yuda, anaupiga. Anamtuma amiri Yerusalemu na jeshi. Amiri anasimama wapi? Penye mfereji wa birika la juu, njia kuu ya Uwanja wa Dobi. Palepale. Baba aliambiwa hapo asiwaite Waashuri, na mtoto anawakuta Waashuri wamesimama hapo. Mwandishi hakusema neno la ziada. Aliweka anwani tu, akakuachia.

Na amiri anaongea Kiyahudi, lugha ya watu walio ukutani. Wakubwa wa Hezekia wanamsihi aongee Kiaramu, lugha ya mabalozi, ili raia wasisikie. Anawajibu kwamba hakutumwa kwao peke yao, ametumwa hasa kwa hawa watakaokula mavi yao na kunywa mkojo wao mji ukizingirwa. Mtu huyu anajua kazi yake.

Hoja zake, ukizipanga, ni za kutisha kwa sababu karibu zote zina ukweli ndani. Misri ni mwanzi uliopondeka, ukiuegemea unakuchoma mkono. (Kweli, na Isaya alisema hivyohivyo.) Hezekia ameondoa mahali pa juu pa kuabudia kote nchini, sasa mnategemea Mungu gani mliyembomolea madhabahu? Nawapa farasi 2,000 kama mnao wapanda farasi wa kukaa juu yao. Jisalimisheni niwapeleke nchi kama yenu, nchi ya ngano na divai. Angalieni anavyouza uhamisho kama ofa ya kiwanja! Halafu hii, akitaja miji ya Shamu iliyokwisha kupigwa na Ashuru: miungu ya Hamathi na Arpadi iko wapi? Waliiokoa Samaria?

Hapo ndipo dini ya zamani ilipokuwa imekaa. Kila taifa na mungu wake. Taifa likipigwa, mungu wake kapigwa. Waashuri walikuwa wanabeba sanamu za miungu ya walioshindwa na kuondoka nazo, ili kila mtu aone nani mkubwa. Amiri anawaambia Wayahudi kwamba zamu yao imefika.

Lakini amiri alisema na jambo jingine, wengi huliruka: je, nimepanda kuja kuharibu mahali hapa pasipo BWANA? BWANA ndiye aliyeniambia, panda juu ya nchi hii uiharibu.

Na ukifungua Isaya 10, Isaya anakubaliana naye. Ashuru ni fimbo ya hasira ya Mungu, anasema. Mungu ndiye aliyeituma. Tofauti yao ni moja tu: fimbo imejisahau. Ashuru anadhani amefanya kwa nguvu ya mkono wake, na Isaya anauliza kama shoka linaweza kujisifu mbele ya anayekata nalo.

Wakuu, hapa pametokea kitu cha ajabu. Taifa dogo, limepigwa, lingetakiwa liseme Ashuri mungu wa Ashuru ni mkubwa kuliko wetu. Badala yake nabii wake anasema yule mfalme mkubwa anayetupiga ni kijiti mkononi mwa Mungu wetu sisi. Unaweza kukiita kiburi cha maskini. Lakini wazo hilo ndilo lililowafanya wabaki watu baada ya kupoteza kila kitu, wakati Hamathi na Arpadi leo mnazijua kwa sababu tu zimetajwa na Rabshake.

Ustadh wa Pwani

Assalaam alaykum. Mtoa mada, hilo ulilosema kwetu si geni. Katika Suratul Israa aya ya 4 hadi ya 7, Bani Israil wanaambiwa kwamba watafanya ufisadi katika nchi mara mbili, na ilipofika ahadi ya kwanza Mwenyezi Mungu akawapelekea waja Wake wenye nguvu kali wakaingia majumbani kuwasaka. Wafasiri wengi wanamtaja Bukhtunassar, ndiye Nebukadneza wenu, mfalme wa Babeli. Angalia neno lilivyo: waja Wetu. Wapiganaji wale hawakuwa waumini, lakini wametumwa.

Mchimba Gombo

Wa alaykum salaam, Ustadh. Umenitangulia. Yeremia naye anamwita Nebukadneza "mtumishi wangu", kwa kinywa cha Mungu. Nitafika huko.

Mwana wa Kushi

Mbona mnaruka Waafrika? 2 Wafalme 19:9, Tirhaka mfalme wa Kushi alitoka kupigana na Senakeribu. Huyo ni mtu mweusi wa Sudan aliyeenda kuiokoa Yerusalemu. Shusha na hiyo.

Mchimba Gombo

Mwana wa Kushi, kweli tupu. Wakati huo Misri yenyewe ilitawaliwa na Wakushi, nasaba ya 25, watu wa Napata huko Sudan ya leo. Tirhaka ni Taharqa, alitawala kuanzia 690 hadi 664 KK, na piramidi lake liko Nuri. Mwaka 701 alikuwa bado mwanamfalme, mwandishi amempa cheo alichokuja kukipata baadaye, kama sisi tunavyosema "Rais Nyerere alisoma Tabora". Senakeribu anasema aliwapiga Wamisri na Wakushi huko Elteke. Lakini aliyepigana na jeshi hilo alikuwa analinda mlango wake mwenyewe. Tusimfanye mmishenari.

Sasa Kidume na 185,000 yako. Tuwasikilize wote wawili.

Senakeribu ameacha taarifa yake kwenye nguzo za udongo wa kuchoma zenye pembe sita. Moja ilipatikana Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, mwaka 1830 na iko London. Anasema alitwaa miji 46 ya Hezekia yenye kuta, na vijiji visivyohesabika, akatoa humo watu 200,150. Hezekia mwenyewe akamfungia Yerusalemu kama ndege tunduni. Hezekia akalipa talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha, pamoja na binti zake na waimbaji. Biblia inasema 30 za dhahabu na 300 za fedha, na Hezekia akabandua mpaka dhahabu ya milango ya hekalu. Dhahabu inalingana kabisa! Kwenye fedha ndipo mmoja alipoongeza au mwingine alipopunguza.

Ila tazameni asichosema. Hasemi aliitwaa Yerusalemu. Mfalme anayeorodhesha mpaka nyumbu aliowapora hawezi kusahau mji mkuu. Na alipojenga jumba lake Ninawi, chumba cha heshima hakikuchorwa Yerusalemu, kilichorwa Lakishi. Michoro hiyo ipo London: magogo ya kubomolea kuta yanapanda kwenye tuta la udongo na mawe, watu wametungikwa kwenye miti, familia zinatoka langoni na mkokoteni wa ng'ombe, watoto juu ya mizigo. Lile tuta lenyewe lipo Lakishi hadi leo.

Kwa hiyo pande zote mbili zinakubaliana kwamba nchi iliharibiwa, Hezekia alilipa, mji haukutekwa. Biblia inasema malaika. Herodoto, Mgiriki aliyeandika karne ya 5 KK, anasimulia jambo kama hilo lililotokea mpakani mwa Misri: panya waliingia usiku kambini mwa Senakeribu wakatafuna nyuzi za pinde. Wapo wanaosoma panya na kufikiria tauni. Mimi siwezi kuhesabu maiti za miaka 2,700 iliyopita. Najua tu kwamba Senakeribu alirudi kwao, na mwaka 681 akauawa na watoto wake.

Mama Neema

Subiri. Miji 46 imekwisha. Watu laki mbili wamechukuliwa, hata kama amezidisha. Lakishi watu wametungikwa kwenye miti. Na sisi tunaimba kwamba Mungu aliiokoa Yuda? Malaika alipita Yerusalemu. Lakishi alipita nani?

Shemeji wa Kijiji

Mama kauliza 🔥

Mchimba Gombo

Mama Neema, swali hilo aliliuliza mtu mwingine wakati huohuo, na kitabu chake kipo kwenye Biblia yako. Anaitwa Mika. Isaya ni mtu wa mjini, anaingia kwa wafalme. Mika ni mtu wa Moreshethi, kijiji cha vilima vya chini, jirani na Lakishi. Sura yake ya kwanza anataja vijiji kimoja kimoja kama mtu anayesoma majina msibani, na Lakishi imo. Halafu sura ya 3 anasema neno ambalo Yerusalemu haikuwahi kulisikia: Sayuni utalimwa kama shamba, na Yerusalemu utakuwa magofu. Na anawalaumu wakubwa wanaohukumu kwa rushwa, halafu wanajiegemeza kwa BWANA wakisema, si yuko katikati yetu? Hatupatwi na neno baya.

Isaya mwenyewe hakuimba ushindi tu. Sura ya 1 anasema binti Sayuni ameachwa kama kibanda katika shamba la mizabibu, kama kilindo katika shamba la matango. Aliyelala kwenye dungu akilinda mpunga anaijua picha hiyo: mavuno yamekwisha, watu wameondoka, kibanda kimebaki peke yake kinaegemea upande.

Lakini vizazi vilivyofuata vilikumbuka nusu moja. Walikumbuka mji haukuanguka. Walikuwa na zaburi ya 46, Mungu yu katikati yake hautatetemeshwa, na sasa walikuwa na ushahidi. Hekalu likawa hirizi. Yapata 609 KK Yeremia anasimama mlangoni pake na kuwaambia msitumainie maneno ya uongo mkisema "hekalu la BWANA, hekalu la BWANA, hekalu la BWANA". Anawakumbusha Shilo, ambako palikuwa na nyumba ya Mungu na palibomoka. Wakataka kumuua. Kilichomwokoa? Wazee walisimama wakasema, Mika Mmorashti alisema maneno hayohayo siku za Hezekia na hakuuawa. Mtu wa kijiji, miaka mia baadaye, anamwokoa Yeremia mahakamani.

Mzee wa Hoja

Naona mnachelewa kufika kwenye mambo ya sasa. Haya yote ndiyo yanayoeleza kinachoendelea Mashariki ya Kati leo...

Mchimba Gombo

Mzee wa Hoja, kwa heshima, fungua uzi wako nitakuja kusoma. Hapa tukiingiza siasa za leo tutafika kurasa 90 na Mika hatamsikia mtu.

Mwafrika wa Kisumu

Maze hii ni poa. Nauliza hivi: hao Waashuri waliwaachia kitu chochote ama waliharibu tu?

Mchimba Gombo

Ndugu wa Kisumu, waliwaachia lugha ya kiapo.

Baada ya Hezekia, mwanawe Manase alitawala miaka 55 akilipa kodi Ashuru. Esar-hadoni, mfalme wa Ashuru baada ya Senakeribu, anamtaja kwenye orodha ya wafalme waliomletea mbao na mawe ya kujengea. Mwaka 672 KK Esar-hadoni aliwaapisha vibaraka kwamba watamtii mwanawe Ashurbanipali. Nakala za viapo hivyo zilichimbuliwa Nimrud mwaka 1955. Ndani wanaambiwa wampende Ashurbanipali kama nafsi zao. Wakivunja, ardhi yao iwe chuma na mbingu ziwe shaba zisizotoa mvua.

Sasa soma Kumbukumbu la Torati 6: mpende BWANA Mungu wako kwa moyo wako wote. Kisha sura ya 28: mbingu zako zitakuwa shaba, na nchi iliyo chini yako chuma. Wasomi wengi wanaona uhusiano hapo, ingawa wanabishana umefika kwa njia gani. Mimi nauona hivi: watu waliolazimishwa kumwapia mfalme wa Ashuru "kumpenda" walichukua kiapo kilekile wakamwapia Mungu. Na mtu hawezi kuapa hivyo kwa wawili. Kwa macho ya Ninawi, aya tunayofundisha watoto wa Sunday school ni uhaini.

Ustadh wa Pwani

SubhanAllah. Na Babeli je?

Mchimba Gombo

Babeli nitapita haraka, maana fundisho lilikwisha tolewa. Ninawi ilianguka 612. Nebukadneza aliitwaa Yerusalemu 597 akamchukua Yekonia, mfalme kijana wa miaka 18. Hapo ndipo nabii Hanania anaposimama hekaluni na kuahidi kwamba miaka miwili tu kongwa la Babeli litavunjika, na analivunja kongwa la mti lililokuwa shingoni mwa Yeremia. Kidume, mwangalie vizuri Hanania. Hakuwa tapeli anayejijua. Alikuwa anahubiri mahubiri ya mwaka 701, neno kwa neno. Yeremia anajibu "Amina, BWANA na atende hivyo", kisha anaenda zake. Baadaye anarudi kumwambia kongwa sasa ni la chuma.

Nabii Habakuki naye analalamika: unamtumia mwovu ammeze aliye mwenye haki kuliko yeye? Fimbo ya Isaya imegeuka swali.

Mwaka 586 mji ukaanguka, hekalu likachomwa. Mwaka 1935 huko Lakishi zilichimbuliwa barua zilizoandikwa kwa wino kwenye vigae siku hizo za mwisho. Ofisa mmoja anaandika kwamba wanaangalia ishara za Lakishi, maana Azeka hawaioni tena. Yeremia 34 anasema miji yenye kuta iliyokuwa imebaki Yuda ni Lakishi na Azeka.

Kidume cha Ukerewe

Nimesisimka. Na Yekonia aliishia wapi?

Mchimba Gombo

Babeli. Kitabu cha Wafalme kinafungwa na yeye: miaka 37 baadaye anatolewa gerezani, anabadilishiwa nguo, anakula mezani kwa mfalme siku zote. Wengi walidhani ni maneno ya kufariji. Kisha vikasomwa vibao vya stoo ya ikulu ya Babeli, orodha za mgao, kimoja cha mwaka 592 KK. Katikati ya mabaharia na mafundi wa nchi mbalimbali yupo Ya'u-kinu, mfalme wa Yuda, anapewa mafuta. Mstari unaofuata ni wanawe watano, wote pamoja sila mbili na nusu.

Mama Neema

Sila ni kiasi gani?

Mchimba Gombo

Karibu lita moja, Mama. Kila mtoto anapata kama chupa ya soda ya nusu lita, na haijajaa vizuri.